Kabla ya Heinrich: kwa nini tamthilia yetu ya Bibi Salme inaanza 1856

Ukimtaja Bibi Salme kwa watu wa kwetu walioko Ulaya, wengi watakumbuka jambo moja tu: binti wa Sultani wa Zanzibar aliyempenda mfanyabiashara Mjerumani wa Hamburg, Heinrich Ruete, akatoroka kwa meli ya Waingereza mwaka 1866, akaolewa Aden, akafia Ujerumani mwaka 1924. Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi, na mara nyingi anayesimulia husimama upande wa Hamburg. Kundi letu, mashabiki wa tamthilia za kihistoria tuliotawanyika Hamburg, Muscat, Toronto na Dar es Salaam, limeamua kuandika pamoja tamthilia ambayo msimu wake wa kwanza unakwisha kabla Heinrich Ruete hajatokea. Wengi wameuliza sababu. Sababu ni kwamba kilichoivunja nyumba ya Sultani kilitokea miaka saba kabla ya mapenzi hayo.

Wengi wetu tulianzia kwenye tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti ya Kiswahili, zenye masultani, masuria na ndugu wanaowindana. Muhteşem Yüzyıl, iliyorushwa Uturuki kuanzia 2011 hadi 2014, ilizua ugomvi mkubwa kwao. Erdoğan mwenyewe, waziri mkuu wa wakati huo, aliilaumu hadharani kwa jinsi ilivyomwonyesha Sultani Suleiman. Sisi tulijiuliza swali jepesi: mbona Zanzibar nayo ilikuwa na haya yote, na hakuna anayeyaandika kwa Kiswahili?

Tazama yalivyokuwa. Oktoba 1856, Sayyid Said bin Sultan anafariki baharini akirejea kutoka Oman. Anaacha watoto 36 walio hai, wa kiume 18 na wa kike 18, wote wa masuria. Yumo melini mwanawe Barghash. Anakataa baba azikwe baharini, anafika Unguja usiku, anazika kimyakimya na kujaribu kuishika ngome kabla mji haujajua kwamba umefiwa. Anashindwa. Kaka yake, Majid, anakuwa mtawala wa Zanzibar, kaka yao Thuwaini anabaki na Oman, na Barghash anabaki na kinyongo. Sehemu ya kwanza inaanzia hapo, na hatukulazimika kubuni tukio hata moja.

Kisha unakuja mwaka 1859, moyo wa msimu wote. Kipindupindu kinamchukua mama yake Salme, Jilfidan, Mcherkesi aliyeletwa Unguja akiwa mtoto. Salme ana miaka 15. Majid ndiye kaka aliyemlea. Waliishi nyumba moja, Bet il Watoro, na alimpenda waziwazi. Lakini dada yao Khole, ambaye Salme anampenda kupita kiasi, yuko upande wa Barghash, na Barghash anapanga uasi. Salme anamfuata Khole. Na kwa kuwa anajua kuandika, anakuwa karani wa waasi.

Hapo kwenye kuandika tumekaa sana. Watoto wa jumba lile waliandika kwenye mfupa wa bega la ngamia badala ya ubao, na wasichana walifundishwa kusoma tu. Salme alijifunza mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa huo. Ujuzi aliojipatia kwa kujificha ndio uliomfanya aandike barua za kuagiza silaha dhidi ya kaka aliyemlea. Mwandishi yeyote akipewa mhusika wa namna hiyo hana haja ya kuharakia mapenzi.

Nyumba ya Barghash inazingirwa na askari wa Majid. Khole na Salme wanafika usiku na wanawake wao, wanashinikiza waruhusiwe kuingia, wanamkuta kaka yao. Wanamfunika shela jeusi, macho tu ndiyo yanaonekana, wanamweka katikati ya wanawake warefu, wanatoka naye. Askari wanapisha, kwa kuwa hakuna anayethubutu kumgusa mwanamke wa nyumba ya Sultani. Barghash anafika shamba la Marseilles, hukohuko Unguja, linashambuliwa, Waingereza wanamsaidia Majid, na mwisho Barghash anapelekwa uhamishoni Bombay. Mwaka 1861 uamuzi wa Lord Canning, gavana Mwingereza wa India, unatenganisha rasmi Zanzibar na Oman, na Zanzibar inatakiwa kuilipa Oman riale 40,000 kila mwaka.

Tukio la shela ndilo lililotugawanya, na ndilo lililonishawishi kwamba kazi hii haiwezi kufanywa na mtu mmoja. Rasimu ya kwanza ililiona kwa macho ya Salme, kama alivyolisimulia katika kumbukumbu zake zilizotoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Mwenzetu wa Dar akauliza: wale wanawake warefu waliomzunguka Barghash walikuwa nani? Walihatarisha shingo zao kama yeye, na hatuwajui hata majina. Salme anatueleza mengi ya thamani, lakini katika kitabu hichohicho aliutetea utumwa. Hamburg iliita uwanja mmoja kwa jina lake mwaka 2019, kisha ikaamua kuliondoa kwa ajili ya maandishi hayo. Mimi naona walifanya haki, na bado naona kisa chake kinastahili kuandikwa. Tukakubaliana tukio lile liandikwe upya kwa macho ya mjakazi anayetembea bega kwa bega na Barghash, anayesikia pumzi yake chini ya shela na kujua kwamba wakikamatwa, mabibi wataonywa na yeye atauzwa. Huyo tumembuni sisi. Kanuni yetu ni hii: aliyemo kwenye kumbukumbu habadilishiwi mwaka wala tendo, aliyenyamazishwa tunampa jina na maneno, na faili la wahusika linasema wazi kwamba ni wa kubuni.

Lugha nayo ilitusumbua. Salme anasema Kiarabu ndicho kilichotakiwa mbele ya baba yake, lakini akigeuka tu, jumba lilijaa Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kiswahili, Kinubi na Kihabeshi. Tumeamua Kiswahili kibebe mazungumzo ya ndani, ya jikoni na vyumbani, na Kiarabu kisikike barazani kwa Sultani tu. Wenzetu wa Muscat, ambao nyumbani kwao wazee bado wanazungumza Kiunguja, ndio wanaopitia kila mstari.

Haki za kazi nitazipitia haraka, maana zinaulizwa. Maandishi ya Kijerumani ya 1886 ni huru, kwani mwandishi ana zaidi ya miaka 70 tangu afariki. Tafsiri za karibuni si huru, hivyo hakuna kunakili humo. Na baina yetu tumeandikiana mapema: kila sehemu ina mwandishi mkuu mmoja, majina yote yanatajwa, na hakuna anayeuza chochote bila wenzake kukubali.

Sehemu saba kati ya nane zina waandishi. Inayobaki ni ya shamba la Marseilles kabla ya mapigano, inayohusu watumwa wa karafuu. Hatutaki iandikwe na mtu aliyeiona karafuu kwenye kopo la viungo. Tunamtafuta aliyekulia Pemba au mashamba ya Unguja, anayejua mkono unavyouma jioni ya kuchambua, makonyo yanavyotengwa, na watu wanavyokimbilia majamvi wingu likitanda juu ya karafuu zilizoanikwa.