Mgonjwa wa Akili Akiwa Wodini, Ndugu Ana Kazi Gani?

Jamaa wengi wakishampeleka mgonjwa wao katika hospitali ya magonjwa ya akili hupumua. Usiku wanalala, majirani wanaacha kunong'ona, na watoto wanarudi kucheza uani. Hilo halina lawama, kwa maana kumwuguza mtu asiyelala na anayekataa chakula kunachosha kuliko kulima. Lakini wengine hupumua hata wakasahau njia ya kurudi hospitalini. Hapo ndipo matunzo ya mgonjwa yanapoanza kulegea.

Tulikotoka

Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walifungua mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 mahali hapo pakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Dodoma nako, Hospitali ya Mirembe ilifunguliwa mwaka 1927, na mpaka leo watu hulitumia jina lake kutaniana, mzaha unaowaumiza wenye wagonjwa huko.

Zamani zile dawa za kutuliza akili hazikuwapo, na mara nyingi mgonjwa alifungiwa tu. Klopromazini ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili mwaka 1952 huko Ufaransa. Dawa nyingine zikafuata, na wengi wakaweza kupata nafuu, kurudi nyumbani na kufanya kazi. Kwa hiyo, mama mpendwa, ukimpeleka mgonjwa leo una haki ya kutazamia atibiwe, si kufungiwa.

Matibabu mazuri yakoje?

Kwanza, mgonjwa apimwe mwili. Malaria kali, homa ya uti wa mgongo, virusi vya UKIMWI, kifafa na pombe vyaweza kumfanya mtu aweweseke. Mwanamke aliyejifungua karibuni naye aweza kuchanganyikiwa ghafula, na hali hiyo ni ya hatari kwake na kwa mtoto. Mweleze daktari yote unayoyajua, hata yale ya aibu.

Pili, dawa zielezwe: jina lake, kazi yake na madhara yake. Haloperidoli yaweza kukaza misuli, kupindisha shingo na kumtoa mtu mate. Klopromazini huleta usingizi na hufanya ngozi iungue upesi juani. Dawa za huzuni kubwa huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu, kwa hiyo usikate tamaa siku ya tatu.

Tatu, aheshimiwe. Aoge, avae nguo yake, alale kitandani na aitwe kwa jina lake. Kumchapa si tiba. Akizuiwa kwa nguvu kwa sababu ya hatari, iwe kwa muda mfupi, chini ya uangalizi, na iandikwe kwenye faili.

Nne, awe na la kufanya. Lutindi wagonjwa wamekuwa wakishiriki kazi za shamba na za mikono. Mikono ikipata kazi inayoiweza, akili nayo hupata pa kushika.

Jicho la mgeni

Katika hospitali moja niliyopata kufanya kazi, muuguzi mmoja wa usiku aliangalia wodi nzima ya wanawake. Mle alikuwamo mama kijana aliyeletwa wiki chache baada ya kujifungua. Mama mkwe wake alikuja kila Jumamosi na uji ndani ya chupa. Siku moja alimkuta shingo imepinda na mate yanamtoka. Hakupiga kelele, wala hakumtorosha kumpeleka kwa mganga. Alimwendea muuguzi wa zamu akauliza, "Mwanangu, mkamwana wangu anapewa dawa gani, na shingo hii imeanza lini?" Daktari aliitwa, akaagiza sindano ya kulegeza misuli na kupunguza dawa ya kwanza. Kabla ya jioni shingo ilikuwa imenyooka.

Mwezi uliofuata dada mwingine alipatwa na hali ile ile. Huyo hakuwa amepata mgeni tangu aletwe. Alikaa hivyo tangu Ijumaa jioni mpaka Jumatatu, daktari alipopita wodini. Hospitali ilikuwa moja na dawa zilikuwa zile zile, ila mmoja alikuwa na mtu wa kumwulizia.

Wauguzi wapaswa kumtazama kila mgonjwa sawasawa, mwenye wageni na asiye nao. Lakini pale walipo wachache, swali la ndugu, likiulizwa kwa upole bila kuchoka, humwokoa mgonjwa. Usipojibiwa wodini, mwone muuguzi mkuu. Usiporidhika, nenda kwa mganga mfawidhi.

Siku ya kuruhusiwa

Wako wagonjwa waliopata nafuu lakini wanabaki wodini kwa sababu hakuna aliyekuja kuwachukua. Kabla ya kuondoka na wako, uliza dawa atumie mpaka lini, tarehe ya kliniki ni ipi, zapatikana wapi karibu na kwenu, na dalili gani zaonyesha ugonjwa unarudi. Kukosa usingizi usiku kadhaa mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza. Asiache dawa kwa kuwa anajiona mzima, wala kwa kuwa ameombewa. Tuombe, na vidonge avimeze.

Yule mtu wa nchi ya Wagerasi aliyevunja minyororo, alipopona alitaka kufuatana na Yesu. Bwana alimwagiza arudi nyumbani kwa watu wake. Basi na sisi tuwe watu wa kurudiwa. Mwandalie mahali pa kulala, waeleze watoto wasimcheke, na mwezi ujao mpeleke kliniki wewe mwenyewe.