Mbio anazo, ukiraka je?

KILA yakifika mashindano ya UMISSETA, viwanja vya shule kuanzia Kishapu mpaka Katoro vinampata mfalme wao. Mara nyingi ni winga. Dogo mwembamba, mbio kama swala, akisukuma mpira mbele beki anabaki anasoma namba ya mgongoni. Simu zinatoka mifukoni, na jioni hiyo hiyo kijiweni hukumu inatolewa: huyu ni wa Simba, huyu ni wa Yanga.

Miaka miwili baadaye dogo yuko kwenye bodaboda, Jumapili anacheza ndondo ya machimboni.

Mbio hajazipoteza. Tatizo ni kwamba anajua kazi moja tu, na kazi hiyo ndiyo yenye foleni ndefu kuliko zote. Klabu ya Ligi Kuu inaruhusiwa kusajili wageni 12, na wageni hao wengi wanaletwa kucheza mbele: winga, namba kumi, straika. Ukitaka kuwaona wazawa waliodumu kwenye vikosi vikubwa, tazama pembeni nyuma. Shomari Kapombe, Mohamed Hussein 'Tshabalala', Kibwana Shomari, Israel Mwenda. Mwenda na Kibwana wanacheza kulia na kushoto, kocha anachagua tu.

Kapombe mwenyewe amewahi kupangwa beki wa kati na kiungo kabla jina lake halijaganda kwenye namba mbili. Erasto Nyoni ndiye baba yao: beki wa kulia, wa kushoto, wa kati, kiungo mkabaji, popote palipovuja alizibwa yeye. Lakini kwa winga wa shule wa kumtazama ni Farid Mussa. Aliibukia Azam akiwa winga, akaenda Tenerife ya Hispania, na aliporudi nchini mwaka 2020 kuichezea Yanga akajikuta anapangwa pia beki wa kushoto. Alilimudu kwa sababu anajua winga anataka nini. Aliyewahi kuiba kuku hadanganywi na mwizi wa kuku.

Sasa, huyu dogo wa Kishapu unamjuaje kama naye anaweza? Hapo ndipo maskauti wengi wanapokosea, kwa sababu wanamtazama akiwa na mpira. Viwanja vyenyewe vinadanganya. Kiangazi ardhi ya Usukumani inakuwa ngumu kama saruji, mpira unaruka ovyo, na beki wa shule anamkabili winga peke yake bila msaada. Hapo mwenye mbio lazima ang'ae. Ukimpeleka kwenye nyasi za Kambarage, mbele ya beki aliyekomaa na kiungo anayekuja kuziba nyuma yake, ile nafasi ya mita ishirini haipo tena.

Mtazame akiupoteza. Sekunde tano zile zinatosha. Yupo anayeweka mikono kiunoni na kumlalamikia mwamuzi. Yupo anayekimbia kurudi, lakini anakimbia kwa hasira, anaenda kumchezea rafu aliyemnyang'anya. Na yupo wa tatu, adimu huyo, ambaye harudi kwenye mpira kabisa, anarudi kwenye uwazi alioacha nyuma yake. Huyo wa tatu hata kama si mwenye mbio kuliko wote, mwandike jina. Mengine yanafundishika: mguu wa pili, namna ya kusimama mwili ukiwa umefunguka, kugeuza shingo kabla pasi haijafika. Kuhisi hatari ukiwa na miaka 17 ni vigumu kufundishwa ukiwa na 22.

Kosa la upande wa pili nalo lipo, na makocha wetu wanalipenda. Dogo akionekana anasikia maelekezo, leo anawekwa winga, kesho beki, keshokutwa kiungo, mwisho wa msimu hajui lolote. Huyo si kiraka, ni kiti cha akiba. Nyoni na Kapombe walikuwa mabeki kwanza, ndipo wakawa kila kitu. Na wapo wasiohitaji kabisa ukiraka. George Mpole alikuwa na kazi moja pale Geita Gold, kufunga, na msimu wa 2021/22 aliifunga mara 17, akampita Fiston Mayele kwa bao moja na kuibeba timu hadi nafasi ya nne. Mfungaji wa namna hiyo muache alipo.

Tatizo ni kwamba akina Mpole hawazaliwi kila mwaka, na ukanda huu hauna tena pa kuwaficha vijana wanaojifunza. Mwadui ilishuka 2021. Geita Gold nayo ikaaga 2024, miaka miwili tu baada ya kufuzu Kombe la Shirikisho Afrika. Stand United, Chama la Wana, tangu ishuke 2019 imekuwa ikiugonga mlango. Mwaka 2025 ilifika mechi za mchujo, Fountain Gate wakauzuia. Timu ikiwa Championship fedha ni za mawazo, kikosi kinakuwa chembamba, na kocha anasajili mtu mmoja wa kufanya kazi ya wawili. Kwa kijana wa Shinyanga anayejua namba mbili, huo ni mlango. Anayejua kumwaga krosi tu, atausikia usajili redioni.

Kwa hiyo skauti akija safari ijayo, asiombe kuonyeshwa winga hatari wa shule. Amuombe mwalimu wa michezo kitu kimoja: kipindi cha pili, timu ikiwa inaongoza, dogo ashushwe beki wa kushoto. Mashabiki watazomea. Yeye atulie, amtazame dogo anavyopokea habari hiyo.