Chuo Kikuu na Lugha za Singida: Ufundishaji, Utafiti na Huduma kwa Jamii

1.0 Utangulizi

Chuo kikuu cha umma kina majukumu matatu: kufundisha, kutafiti na kuihudumia jamii. Aghalabu majukumu haya huelezwa kana kwamba kila moja linajitegemea. Makala haya yanadai kwamba, katika isimu, jukumu la tatu ndilo kipimo cha mawili yaliyotangulia. Mfano unaotumika ni Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2001, ukitazamwa kwa kuzingatia lugha za Mkoa wa Singida.

2.0 Lugha za Singida

Lugha kuu za Kibantu mkoani humo ni Kinyaturu, kiitwacho pia Kirimi, na Kinyiramba. Katika uainishaji wa Guthrie lugha hizo ni F32 na F31. Kiisanzu kina undugu wa karibu na Kinyiramba. Kidatoga ni lugha ya Kiniloti. Kihadzabe, kinachozungumzwa kandokando ya Ziwa Eyasi, ikiwa ni pamoja na Wilaya ya Mkalama, kina sauti za vidoko, na undugu wake na lugha nyingine yoyote haujathibitishwa. Wasemaji wake ni takribani elfu moja tu.

3.0 Ufundishaji na Utafiti

Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho nchini kuuliza kabila la mtu. Kwa sababu hiyo, baada ya hapo ilikuwa vigumu kujua ni watu wangapi wanaozungumza lugha ipi, na wapi. Mradi uliotajwa ulikusudia kuziba pengo hilo, na mwaka 2009 ulichapisha Atlasi ya Lugha za Tanzania. Mradi huo pia ulitoa misamiati na maelezo ya sarufi za lugha mbalimbali.

Kazi ya namna hii hutegemea darasa. Mwanafunzi aliyezaliwa Iramba anapofundishwa fonolojia, hugundua kwamba lugha ya nyumbani kwake ina irabu saba, ilhali Kiswahili kina tano. Tena ina toni, ambayo Kiswahili hakina. Anaporudi nyumbani likizoni kukusanya data, walimu wake ni wazee wa kijiji.

4.0 Huduma kwa Jamii

Hapa ndipo tatizo linapojitokeza. Tasnifu nyingi za isimu huandikwa kwa Kiingereza na kuhifadhiwa maktabani. Mzee aliyetoa maneno hawezi kuisoma kazi iliyotokana na maneno yake. Misamiati iliyopangwa kwa lugha ya jamii, Kiswahili na Kiingereza hupunguza tatizo hilo, kwani Kiswahili ni daraja kati ya mtafiti na mtafitiwa.

Suala la tahajia linadhihirisha faida ya daraja hilo. Mtu aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili akiandika Kinyaturu kwa irabu tano tu, maneno yanayotofautiana kwa matamshi huweza kufanana katika maandishi. Alama za ziada, kama vile i na u zenye mstari katikati, huondoa utata huo. Hata hivyo, mwanaisimu hawezi kuzilazimisha. Lazima wenye lugha wazielewe na wazikubali. Kwa hiyo tahajia nzuri ni zao la utafiti na mashauriano kwa pamoja.

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilihimiza lugha za asili zitafitiwe, ziandikwe na zihifadhiwe. Agizo hilo halitimizwi kwa kuijaza rafu ya maktaba peke yake. Kwa lugha yenye wasemaji wachache kama Kihadzabe, kuchelewa kunaweza kumaanisha kwamba kitabu kitakapofika kijijini hakitamkuta msomaji.

5.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba data hutoka kijijini, huchambuliwa darasani na kuhifadhiwa chuoni. Mzunguko huo haujakamilika mpaka matokeo yarudi kijijini katika lugha inayosomeka huko. Utafiti usiorejeshwa ni deni, na mdai wake ni yuleyule aliyemfundisha mtafiti maneno ya kwanza.