Boyie ni Nani? Vile Komiki ya Shujaaz Iliteka Mayuth Kutoka Makutano Hadi Runyenjes

Kama ulikuwa shule, ama ulikuwa umetoka tu Form Four, miaka ya 2010 hadi 2015 huku Meru ama Embu, kuna uwezekano mkubwa hujawahi nunua Shujaaz hata siku moja na bado unajua stori zake zote. Usishangae. Haikuwa inauzwa.

Kwa wale wadogo hawakuikuta, wacha niwapange. Shujaaz ilianza Februari 2010. Iliyoitoa ni kampuni ya Nairobi inaitwa Well Told Story, iliyoanzishwa na msee anaitwa Rob Burnet. Ilikuwa inatoka mara moja kwa mwezi, kwa Sheng, na ilikuwa na njia mbili za kukufikia: imefichwa katikati ya Saturday Nation, ama imepangwa kwa kibanda cha M-Pesa. Tunaongea kopi zaidi ya nusu milioni kila mwezi. Mzee akinunua gazeti asome siasa, wewe unangoja tu aliweke chini uchomoe zako.

Star wa hiyo komiki ni Boyie, jina la kazi DJ B. Ako na miaka 19, amemaliza shule, job hakuna, siku zinaenda tu. Lakini kwa chumba chake amejiundia redio ya kimagendo. Anaingilia masafa ya FM, anaongea na Kenya nzima, na hakuna anayejua ni yeye. Jirani anaona tu kijana wa kukaa kaa. Pembeni yake kuna Maria Kim, Charlie Pele na Malkia, kila mtu na hasara zake na vituko vyake.

Sasa, utaniambia hiyo si fantasia. Hakuna jini, hakuna mtu anaruka. Wacha nikuulize: msee asiye na doo, asiye na leseni ya serikali, anaendesha redio ya nchi nzima kutoka kitandani na hashikwi? Kenya hii? Hata mchawi wa kupaa na ungo ni rahisi kuamini kuliko hiyo. Ndiyo maana ilikuwa tamu. Kuna mamia ya vijana Meru na Embu waliomaliza shule wakaambiwa wangoje, na hakuna mtu alikuwa anawauliza wanaonaje. Boyie naye haombi mtu nafasi ya kuongea, anajichukulia. Mimi niliacha college katikati, kwa hivyo najua ile hesabu ya kuamka saa nne na kila mtu nyumbani amenyamaza. Msee kama huyo akiwa shujaa kwa kitabu, lazima utageuza ukurasa.

Na si hapa tu watu hushikana na vitabu vya kuchekesha vyenye dunia zao. Uingereza kuna mwandishi Terry Pratchett, alitoa riwaya 41 za Discworld, ya kwanza 1983. Hiyo dunia yake ni bapa kama chapati, imebebwa na ndovu wanne, ndovu nao wamesimama juu ya kobe anaogelea angani. Noma. Mafans wake walianza kukutana kwa mkutano wao mkubwa mwaka wa 1996 kule Manchester, watu wamevaa kofia za wachawi, wanabishana kuhusu wahusika mpaka usiku.

Sisi hatukuwa na hoteli. Tulikuwa na kinyozi.

Hapo ndio stori yenyewe iko, kwa maoni yangu. Kopi moja ya Shujaaz ilikuwa na maisha marefu kuliko gazeti iliyokuja nayo. Inatoka kwa M-Pesa, inaingia kinyozi, inakaa hapo kwa benchi. Anayengoja kunyolewa anasoma, anacheka pekee yake, wa pembeni anauliza ni nini, inabidi amsomee. Kesho imeenda kwa stage, wasee wa boda wanaipitia kati ya mteja na mteja. Ikirudi, kurasa mbili za mwisho hazipo, na sasa lazima mtafute mtu aliyesoma awasimulie vile iliisha. Huyo mtu anaongeza chumvi zake, bila shaka. Kuna mafans waliomaliza mwezi wakiamini kitu kwa Boyie ambacho hakikuchorwa popote.

Hapo ndio unaelewa kwa nini bure ilikuwa ya maana. Ukienda bookshop nyingi za mataoni huku, Meru ama Embu, utapata setbook, kamusi, atlasi na vitabu vya marudio. Kitabu cha kujienjoy tu, cha kucheka, kinakula hela ya unga. Kama Shujaaz ingeuzwa hata mia moja, ingeishia Nairobi.

Halafu kuna hii ya lugha. Mtoto wa Maua anaongea Kimeru nyumbani, wa Runyenjes anaongea Kiembu. Shule ni Kizungu na Kiswahili, na ukishikwa na lugha ya nyumbani unavishwa disk, mchana unachapwa. Sheng nayo walimu walisema ndiyo inaua Kiswahili, kila mwaka matokeo ya mtihani yakitoka inalaumiwa. Sasa unapewa kitabu, kimechapishwa na rangi zake poa, kimeletwa na gazeti ya mzee mwenyewe, na ndani ni Sheng tupu. Kusema ukweli haikuwa Sheng nzito ya mitaa ya Eastlands. Waliilainisha ndio msee wa Siakago asihitaji mkalimani. Wengine mtaani walisema ni Sheng ya ofisi. Lakini hiyo Sheng ya ofisi ilibeba International Emmy mwaka wa 2012, na ikarudia 2014. Ungemwonyesha ticha wako sura gani?

Kitu ingine iliyoshika watu wa huku ni kwamba ilikuwa na shamba ndani. Unakumbuka ile ya vifaranga? Komiki iliwaambia watu wapake vifaranga rangi kali, pinki ama zambarau, ndio mwewe akipita juu asitambue kwamba hiyo ni chakula. Ukiisoma mara ya kwanza unaona ni mzaha wa mchoraji. Kumbe ni kitu ya kufanya, na kuna watu walifanya. Kwa mtu wa Nairobi hiyo ni katuni. Kwa mtu ambaye nyanya yake hupoteza kuku kila wiki na kubaki akipigia mwewe kelele, hiyo ni pesa.

Hapa lazima niseme ukweli. Shujaaz ilikuwa inalipiwa na wafadhili, na wafadhili huwa na mambo wanataka yasemwe: kilimo, uzazi wa mpango, akiba, siasa za amani. Kuna kurasa ulikuwa unasikia kabisa somo linakuja na viatu vizito. Hizo ndizo watu waliruka. Zilizobaki kichwani ni zile msee anaharibu kwanza, anachekwa na mtaa mzima, ndio anajipanga.

Na mafans walikuwa wanajibu. Unatuma SMS, unaandikia DJ B kwa Facebook, unamwambia shida zako kama ni beshte yako wa ukweli, na unajibiwa. Redio nazo zilikuwa zinapeperusha kipindi chake, kwa hivyo sauti unasikia lakini sura ni ya kuchorwa. Kuna watu walibishana miaka kama Boyie ni msee wa kweli ama la. Waliojua walinyamaza. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yenyewe, kwa sababu ukimtoboa DJ B unaharibia kila mtu.

Kenya ilishaona michoro mingine kali kabla yake. Edward Gitau alituchekesha na Juha Kalulu kwa Taifa Leo. Frank Odoi, Mghana aliyeishi Nairobi miaka mingi mpaka akafariki 2012, alichora Akokhan, na hiyo sasa ni fantasia yenyewe, nguvu za ajabu na wabaya wa kutisha. Lakini hao wote walikufikia kama kwenu kuna mtu wa kununua gazeti.

Siku hizi stori za Shujaaz zimehamia sana kwa simu, na Tanzania nao wakapata DJ wao, DJ Tee. Ni sawa. Shida yangu ni moja tu: simu ni ya mtu mmoja. Huwezi iacha kwa benchi ya kinyozi Makutano urudi wiki ijayo uipate imechoka vidole. Kwa hivyo kama kwa droo yenu kuna kopi ya 2010 bado iko na kurasa zote, tafadhali usimpatie mtu afungie mandazi. Nitafute kwanza.