Chakula cha Pembezoni: Sahani ya Mke na Mume katika Milima ya Bushi (Sehemu ya Pili)

Anayetoka Bukavu kwa barabara ya Kavumu kuelekea Katana huiona milima ya Kabare ikiwa kijani karibu mwaka mzima: migomba imezunguka nyumba, muhogo umepanda mteremko, maharage yamejaza nafasi iliyobaki. Mvua hunyesha kuanzia Septemba mpaka Mei. Hata hivyo, katika milima hiyohiyo, watafiti wa IRSAC, taasisi ya Kibelgiji iliyoanzishwa mwaka 1947 na iliyokuwa na kituo chake Lwiro, walikuta watoto wengi waliovimba miguu na kupauka nywele. Ni ugonjwa ambao daktari Cicely Williams aliueleza Gold Coast, yaani Ghana ya leo, katika miaka ya 1930, kwa jina la kwashiorkor, na hospitali ya watoto ya Lwiro haijaacha kuutibu. Katika sehemu ya kwanza tuliupima udogo wa mashamba. Leo ninadai kwamba udogo huo unaeleza nusu tu ya tatizo. Mke na mume wa Bushi, nchi ya Bashi, hawakuishi kamwe kwa shamba peke yake. Walikula shamba pamoja na kilicho kando yake: bonde lenye maji, kichaka cha ardhi iliyopumzishwa, ukingo wa msitu, ufuo wa ziwa. Sehemu hizo zilipofungwa, sahani ilipungua hata pale ambapo shamba halikupunguzwa hatua moja.

Tuitazame sahani yenyewe. Bugali wa muhogo hushibisha, lakini unga wake una protini isiyofika gramu 2 katika gramu 100, wakati maharage makavu yana zaidi ya gramu 20. Majani ya muhogo huo huo yana protini nyingi kuliko mzizi wake, na ndiyo sombe: hutwangwa kwenye kinu, kisha huchemshwa kwa muda mrefu bila kifuniko ili sumu itoke na mvuke. Hutiwa mawese yanayoletwa kutoka sehemu za chini kama Fizi na Mwenga, na mafuta hayo yana kazi kubwa kuliko ladha, kwa sababu karotini ya majani haiingii vizuri mwilini pasipo mafuta. Sambaza, samaki wadogo wa ziwani wanaoliwa wazima, mifupa na vichwa, huongeza madini ya kalsiamu. Akina mama waliounganisha vitu hivi katika chungu kimoja hawakungoja maabara iwaelekeze. Hapo bado hatujataja lengalenga inayojiotea katikati ya maharage bila kupandwa na mtu, mnavu wa kando ya njia, majani ya maboga, uyoga unaochomoza mvua zinaporudi, na kumbikumbi wanaonaswa usiku kwa mwanga na kukaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Jikoni, karibu na moto, kuna simbilisi wanaolishwa maganda na majani. Ng'ombe na mbuzi waliporwa kwa wingi katika vita vilivyoanza mwaka 1996, lakini mnyama anayebebwa ndani ya kikapu alibaki, na nyama yake mara nyingi huishia kwenye sahani za watoto.

Wataalamu walibishana sana kuhusu kwashiorkor. Mwaka 1974 Donald McLaren aliandika katika jarida la Lancet kwamba dunia ilipotea njia kwa kuelekeza nguvu zote kwenye upungufu wa protini, huku watoto wakikosa chakula cha kutosha kwa jumla. Sioni kwamba ubishi huo unaidhoofisha hoja yangu. Ukisema mtoto anakosa protini, ukisema anakosa chakula chote, au ukisema anakosa vitamini na madini, unarudi palepale: kwenye sahani iliyobaki na kitu kimoja. Na sahani ya Bushi hufikia kitu kimoja pale bugali unapobaki bila mboga yake.

Sasa tuulize mboga hiyo ilikuwa mikononi mwa nani. Kwa desturi ya Bashi, mgomba ni wa mume, pamoja na pombe yake, kasiksi, inayopokea wageni, inayokamilisha mahari na inayopatanisha waliogombana. Maharage na mboga ni za mke. Mazao ya mume yanahesabika na kuuzwa. Ya mke huingia chunguni jioni ile ile bila kupita sokoni. Kilichoota pembezoni kilikuwa chini ya mamlaka ya mke kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu hakuna aliyekilipia wala aliyetaka kukiuza. Nyumba iliyokula vizuri ilikuwa na vyote viwili, na starehe yake ilikuwa ya kweli: sombe iliyoiva sawasawa, sambaza wa moto, kibuyu cha kasiksi baada ya kazi. Pembezoni inapofungwa, mume bado ana migomba yake, ila mke amenyang'anywa ghala lisilo na mlango.

Pembezoni ilifungwa kwa hatua. Mwaka 1928 utawala wa kikoloni uliunda Comité National du Kivu, iliyogawa ardhi kwa walowezi kana kwamba kila kisicholimwa hakina mwenyewe. Kichaka kilichopumzishwa kwa misimu kadhaa kilionekana kitupu machoni pa mpimaji, kumbe kilikuwa kinatoa kuni, dawa, uyoga na malisho. Yakaja mashamba makubwa ya kahawa, chai na kwinini. Mwaka 1970 Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilitangazwa ikiwa na kilometa za mraba 600, na mwaka 1975 ikapanuliwa hadi 6,000. Watwa, ambao msitu ulikuwa shamba lao lote, walifukuzwa bila kupewa mahali pengine. Mwezi Julai 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi kwamba haki zao zilivunjwa na kwamba warudishiwe ardhi yao. Kwa wakulima wa kandokando hasara ilikuwa ndogo kuliko ya Watwa, lakini ilikuwa ya aina ileile. Baadaye yakafuata mabonde, ambamo watu hulima msimu wa kiangazi, Juni hadi Agosti, milima inapokauka. Mengi yalikodishwa kwa wenye fedha, na njia ya maji ikalimwa mpaka ukingoni.

Wapo watakaosema kwamba ninasifu umaskini, kwamba vijana wanaoteremka kwenda Kadutu, mjini Bukavu, kutafuta kazi wanajua vizuri zaidi. Maisha ya kijijini yanachosha, na mzigo mkubwa uko mgongoni mwa mwanamke, hilo silipingi. Lakini mama akienda mwendo wa saa mbili kuchuma lengalenga kwa kuwa ile ya karibu imekwisha, kinachomchosha ni umbali, na umbali huo uliletwa na kufungwa ninakokueleza. Wengine wanahofia msitu na sokwe wake. Hofu yao ni ya haki. Hata hivyo, kinachokata miti ya Kahuzi-Biega ni makaa na mbao zinazohitajiwa na mji, tena chini ya ulinzi wa wenye silaha. Uyoga na mnavu havihitaji shoka, na sehemu kubwa ya mboga hizi huota katika ardhi iliyolimwa na kuachwa, mbali na msitu mkubwa.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la soko: uza ndizi, nunua mchele na samaki. Soko ni la lazima, na mawese yenyewe yanathibitisha hivyo. Hata sambaza hawakuwa wa Ziwa Kivu. Walihamishwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hakuna anayewaita wageni. Sitetei basi kijiji kilichojifungia. Ninachosema ni kwamba soko la hapa hukatika. Februari 2025, mji wa Bukavu ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, benki zilifungwa, na mwenye akiba alibaki na karatasi. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba, ulioonekana Masisi mwaka 2001 na kushuka hadi Kivu Kusini, ulikuwa umeshaonyesha hatari ya kutegemea zao moja la fedha. Katika nyakati kama hizo nyumba inasimama kwa kile kinachochumwa kwa miguu.

Basi nini kifanyike? Kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA, Mulungu, kimefanya kazi nzuri juu ya maharage yanayopanda miti, ambayo huzaa sana kwenye kipande kidogo. Kazi ya namna hiyo inafaa kufanyiwa lengalenga na mnavu, mboga ambazo palizi huzing'oa kama magugu. Na machifu wa Kabare na Ngweshe wanapotoa bonde, wanaweza kuacha ukanda kando ya maji usiolimwa wala kukodishwa, ambao wanawake wa kijiji watachuma kwa zamu wanayopanga wenyewe. Kikwazo kikubwa kitakuwa kalinzi na bwasa, mikataba ya kimila inayogawa ardhi hii, na hiyo ndiyo tutakayoichambua katika sehemu ya tatu.