Kwa nini nyota hukoma kuzaliwa? Setilaiti ya Malindi yatoa sehemu ya jibu

Mkazi wa Chaani, Mombasa, akisimama usiku karibu na ukuta uliopigwa na jua mchana kutwa, huhisi joto asiloliona. Joto hilo husafiri kwa miale ya infraredi. Kwa miale hiyo hiyo wanafalaki hutambua mahali nyota zinapozaliwa.

Nyota huzaliwa katika mawingu ya gesi baridi na vumbi. Vumbi huficha nuru ya nyota changa, lakini lenyewe hupata joto na kutoa infraredi. Darubini za angani, Spitzer ya Marekani (2003-2020) na Herschel ya Ulaya (2009-2013), zilichunguza joto hilo katika makundi yenye mamia au maelfu ya galaksi. Makundi ya mbali, yanayoonekana yalivyokuwa mabilioni ya miaka iliyopita, yalikuwa yakizaa nyota kwa wingi. Katika ya karibu, hasa kitovuni, uzazi huo umefifia.

Sehemu ya sababu ilifichuliwa kutoka pwani ya Kenya. Desemba 12, 1970, setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru kwa heshima ya sikukuu hiyo ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Iligundua kuwa eneo lililo baina ya galaksi hizo hutoa eksirei. Baadaye ilithibitika kuwa limejaa gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi. Galaksi ikipita humo, gesi yake baridi hupokonywa, na pasipo gesi hiyo hapana nyota mpya.

Galaksi yetu, Njia Nyeupe, haimo kitovuni mwa kundi kubwa kama hilo. Bado inazaa.