Kiharusi Huweza Kurudi: Tukifungie Mlango

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni mazao na mifugo. Lakini leo tuzungumze juu ya mwili wa mkulima mwenyewe, kwani jembe halilimi peke yake.

Kijijini kwetu alikuwepo mzee mmoja, mkulima hodari wa kahawa. Alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea na mdomo ukapinda. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi nyumbani. Sisi tulimpenda, lakini tulimkosea. Tulimwambia, "Mzee, pumzika." Tukamketisha kitini mchana kutwa. Tukamletea nyama ya mafuta na pombe ili apate nguvu. Alinenepa, nasi tukafurahi. Naye alipojiona amepona, aliacha dawa za shinikizo la damu. Baada ya mwaka mmoja kiharusi kilirudi. Safari hii hakuinuka tena.

Kiharusi ni nini? Damu hupita mwilini kama maji katika mfereji. Mfereji ukiziba, shamba la chini hukauka. Maji yakija kwa nguvu nyingi, kingo hubomoka. Ndivyo ilivyo katika ubongo. Mshipa huziba au hupasuka. Sehemu iliyokosa damu hufa.

Katika kila wagonjwa wanne wa kiharusi, karibu mmoja alikwisha kupatwa nacho zamani. Wala si ugonjwa wa mjini tu. Kati ya mwaka 2003 na 2006 wataalamu waliwahesabu wagonjwa wa kiharusi Dar es Salaam na wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Waliwakuta wengi pande zote mbili.

Unene wa kupita kiasi si dalili ya afya. Huleta shinikizo la damu na kisukari, na yote mawili huharibu mishipa. Jipime hivi. Chukua kamba yenye urefu wako. Ikunje katikati. Izungushe tumboni. Kama ncha hazikutani, tumbo limezidi.

Wewe uliyewahi kupatwa na kiharusi, fanya haya:

1. Kunywa dawa kila siku kama ulivyoagizwa. Usiache kwa sababu unajisikia mzima. Nenda zahanati upimwe shinikizo la damu.

2. Punguza chumvi. Kwa siku nzima mtu mmoja asizidishe kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na ile ya kupikia.

3. Kula mboga za majani, maharage na matunda. Punguza mafuta na sukari.

4. Tembea. Anza polepole, mpaka uweze nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki.

5. Acha tumbaku. Acha pombe.

Nanyi jamaa wa mgonjwa, msimfungie kitini. Mshikeni mkono mtembee naye. Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, msingoje kupambazuke. Mpelekeni hospitali saa ileile.

Ndugu msomaji, jioni ya leo tafuta kamba. Jipime wewe, kisha umpime na mwenzako.